Yamaha ya Bwana Shamba Yarudi Barabarani

Anayesimama stendi ya Njoro asubuhi huziona pikipiki zilezile za kila mji wa Kenya: Boxer na TVS kutoka India, na za Kichina ambazo majina yake hubadilika kila msimu. Mara moja moja hupita nduthi ya aina nyingine. Mlio wake ni mkali, wa kukatika-katika, na nyuma yake hubaki moshi wa buluu unaonuka oili iliyoungua. Gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, eksozi imepandishwa ubavuni, na madigadi ya mbele iko juu, mbali na tairi. Wazee waliokaa mbele ya duka hawana haja ya kugeuka. Hiyo ni DT, na huenda mmoja wao aliwahi kupanda ya serikali.

Yamaha iliuanza ukoo huo mwaka 1968 kwa DT-1 ya cc 250, pikipiki nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya lami na njia za vumbi kwa pamoja. Zikafuata ndogo zake, na miongoni mwao ile ya 175 ndiyo iliyojijengea jina Afrika. Jina linasema 175, lakini kwa hesabu kamili ni cc 171, maana silinda ina kipenyo cha milimita 66 na pistoni husafiri milimita 50. Sambamba nayo kulikuwa na AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand: keria mbele na nyuma, stendi za pembeni kulia na kushoto ili isimame hata kwenye mteremko, cheni iliyofungiwa ndani ya kasha, na vyuma vya kukinga miguu. Honda ilikuwa na XL zake, Suzuki ikawa na TS na TF, Kawasaki nayo KE. Nyingi zilikuja Bonde la Ufa zikiwa kazini, si za starehe. Zilipandwa na maafisa wa kilimo, madaktari wa mifugo, mapadri na wauguzi wa zahanati.

Njoro ilikuwa na sababu zake za kuzijua mapema. Hapa ndipo Lord Maurice Egerton alipoanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, iliyokuja kuwa chuo cha stashahada na hatimaye, mwaka 1987, Chuo Kikuu cha Egerton. Hapa pia kipo kituo cha utafiti ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kujaribiwa dhidi ya Ug99, ile kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mji mzima umezungukwa na watu ambao kazi yao ni kwenda shambani kwa mtu mwingine na kurudi. Mwaka 1983 serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza Mradi wa Taifa wa Ugani, ambao nguzo yake ilikuwa ratiba: bwana shamba amtembelee mkulima kwa siku zinazojulikana, si siku anayojisikia. Ratiba ya namna hiyo haitimiziki kwa miguu kati ya Njoro, Lare na Mau Narok, hasa mvua ikinyesha.

Baadaye bajeti za ugani zilipungua. Pikipiki iliyokosa ringi au beringi iliegeshwa nyuma ya ofisi, nyasi zikaota kwenye spoki, na mwishowe ikapigwa mnada pamoja na meza zilizovunjika. Aliyeinunua aliipeleka nyumbani na kuifunika gunia. Hizo ndizo zinazotolewa stoo leo, na mtu anayezitoa kwa kawaida ni kijana aliyezikuta zikiwa na umri mkubwa kuliko wake.

Kinachomfanya athubutu ni urahisi wa injini yenyewe. Injini ya mipigo miwili haina vali za juu, haina kemu, haina cheni ya ndani. Sehemu kubwa zinazotembea ni tatu tu: pistoni, konrodi na kranki. Hewa na petroli huingia chini ya pistoni kupitia kabureta na vijibamba vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Pistoni ikishuka husukuma mchanganyiko huo juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda, na ikipanda huubana mpaka plagi iuwashe. Kila mzunguko wa kranki una mlipuko wake. Ndiyo maana pikipiki ndogo namna hii hupanda mlima kwa hasira, na ndiyo maana hula mafuta kuliko inavyostahili. Fundi mwenye spana za kawaida na chombo cha kuvutia magneto anaweza kuifungua yote kwa asubuhi moja.

Kuifungua ni rahisi. Kuirudisha ikiwa nzima ndiko kunakotenga mafundi na wabahatishaji, na tofauti yao huonekana mapema: mbahatishaji huanza na rangi.

Fundi wa kweli huanza na logibuku. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu lazima ilingane na ile ya kwenye karatasi, na namba ya injini vilevile. Pikipiki iliyotoka mnadani miaka thelathini iliyopita na haikuwahi kubadilishwa jina ina safari ndefu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na safari hiyo ni afadhali ianze kabla hata bolti moja haijafunguliwa. Kuna watu waliotengeneza pikipiki ikang'aa, kisha wakagundua kwamba mbele ya sheria si yao.

Baada ya karatasi ni vipimo. Silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi pale ringi zinapobanwa na joto karibu na tundu la eksozi, kiasi kwamba jicho halioni kitu ilhali kipimo kinaona. Fundi hupima juu, katikati na chini, kisha hugeuza kipimo upande wa pili na kurudia. Silinda ikiwa imekuwa ya mviringo wa yai, ringi mpya hazitasaidia kitu. Ni pesa iliyotupwa. Dawa yake ni kuipeleka Nakuru kwa mwenye mashine, ichongwe ipanuke, na iwekewe pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo huuzwa kwa ngazi za robo milimita. Hata silinda iliyochongwa mara nne, kutoka milimita 66 hadi 67, hufikia cc 176 tu, kwa hiyo anayedhani kuchonga kunaongeza nguvu anajidanganya. Kuchonga hurudisha kile kilichopotea.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika kwa kuwa hakionekani: sili za kranki. Kwenye injini ya mipigo minne sili mbovu huvujisha oili, mtu akaiona chini ya pikipiki. Kwenye hii ya mipigo miwili, sili ya upande wa magneto ikikauka huingiza hewa ya wizi, injini ikapanda yenyewe bila mtu kugusa mafuta, kisha ikachemka. Sili ya upande wa gia ikikauka, injini hunywa oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha. Sili mbili hizo ni za bei ndogo kuliko kopo la rangi. Hata hivyo pikipiki nyingi "zilizofufuliwa" huuzwa zikiwa na sili zilizotoka nazo Japani.

Kabureta iliyolala miaka kumi nayo ina hadithi yake. Petroli hukauka ikabaki utando wa rangi ya asali unaoziba kila njia. Jeti ya mwendo wa polepole ina tundu jembamba mno, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kuchomoa uzi mmoja wa waya wa breki na kuuchomeka. Jeti ni ya shaba, ambayo ni laini; waya ni chuma. Tundu hupanuka kwa kiasi kisichoonekana, na kuanzia siku hiyo pikipiki haitatulia hata ikiandikiwa dawa gani. Mafundi wazuri huiloweka, huipuliza kwa kompresa, huinua kwenye mwanga wakaangalia kama duara ni safi, na kama si safi huirudisha kwenye dawa.

Hapo Njoro yenyewe huingia kazini.

Mji huu uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho msukumo wa hewa ni karibu asilimia 78 ya ule wa Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu yake kabla haijapewa hata abiria. Kabureta haijui hilo. Jeti yake ilichaguliwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare, na huendelea kumimina petroli ileile ilhali hewa imepungua. Matokeo yake ni plagi nyeusi yenye masizi, moshi mzito, na injini inayogugumia mafuta yakifunguliwa yote. Wengi huchukulia hiyo kuwa tabia ya uzee. Kumbe pikipiki haina ugonjwa. Inataka jeti yenye namba ndogo zaidi, pengine na sindano ya kati ishushwe pengo moja. Kazi yote ni ya nusu saa, na hakuna mabadiliko mengine yanayomrudishia mwenye DT raha kubwa kwa gharama ndogo kama haya.

Ila yana hatari yake. Pikipiki iliyopangwa kwa hewa ya Njoro ikishuka Kisumu, ambako kimo ni mita 1,100 na kitu, hukutana na hewa nzito huku petroli ikiwa imebanwa. Mchanganyiko huo ukikosa mafuta huwaka kwa joto kali. Kwenye injini ya mipigo minne mtu angehisi udhaifu tu. Kwenye ya mipigo miwili pistoni hupanuka, hushika silinda, na gurudumu la nyuma hufunga katikati ya mwendo. Injini imenoki, na vipimo vyote vile vya Nakuru vimekwenda na maji.

Jambo hilo linaungana na mjadala mwingine usioisha kwenye vibanda vya mafundi: pampu ya oili. Tangu miaka ya 1960 Yamaha imetumia mtindo wa Autolube, pampu ndogo inayovuta oili kutoka tanki lake na kuigawa kulingana na kasi ya injini na jinsi mwendeshaji alivyofungua mafuta. Wengi huitoa. Sababu wanayotoa ni kwamba pampu ikifa, injini hufa nayo. Afadhali kuchanganya kwa mkono, kama mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, na kulala usingizi. Kwenye nchi tambarare hoja hiyo ina uzito. Kwenye mteremko wa kutoka Mau Narok kuja Njoro haina. Anayeshuka mteremko mrefu huku amefunga mafuta, gia ikiwa ndani, anaizungusha injini kwa kasi bila petroli, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, anaizungusha bila oili pia. Pampu ingeendelea kudondosha kidogo. Kwa milima hii pampu ibaki, isafishwe na itolewe hewa kwenye mrija wake, na oili iwe ile yenye alama ya JASO FC au FD, ambayo moshi wake ni mdogo.

Vumbi ndilo adui wa pili. Udongo wa upande huu umetokana na majivu ya volkano, na kiangazi kinapokaza, barabara za ndani hugeuka unga unaopenya mpaka ndani ya saa ya mkononi. Kichujio cha awali ni sponji iliyolowekwa oili. Sponji ikioza, watu wengine huitupa wakaiacha kabureta wazi, au hununua vile vichujio vidogo vya kung'aa vinavyochomekwa moja kwa moja. Pikipiki hupata sauti nzuri na maisha mafupi. Kasha la asili lina kazi nyingine pia, ya kutuliza mawimbi ya hewa ili kabureta ipime sawasawa, na likitolewa hesabu yote ya jeti huvurugika.

Umeme wa zamani hauna mtetezi. DT za miaka ya 1970 zilikuwa na volti 6, na taa yake ya mbele usiku wa ukungu wa Elburgon ni kama mtu aliyeshika mshumaa. Mafundi wa koili huisuka upya stata itoe umeme zaidi, wakaweka reguleta ya pikipiki ya Kichina na betri ya volti 12, na kuanzia hapo balbu na indiketa za duka lolote zinafaa. Mpenda asili atalalamika. Alalamike akiwa anaonekana na dereva wa lori.

Spea ndizo huamua mambo mengine. Pistoni, ringi na kebo bado hupatikana, zikiwa za Japani, Taiwan au Thailand, na Njoro huzipata kupitia Nakuru au maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kifurushi kikipakiwa matatu na kufika jioni. Tairi ya mbele ya inchi 21 husumbua zaidi, kwa kuwa bodaboda hutumia za 17 na 18. Kuweka gurudumu la bodaboda mbele ni kishawishi cha kila siku, lakini pikipiki hushusha pua, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, na kwenye changarawe hilo huhisiwa mara moja.

Ikifika hatua injini haina tena silinda ya kuchonga wala kranki ya kunyoosha, huja swali ambalo wapenzi wa pikipiki hulijadili kwa ukali: je, iwekwe injini ya Kichina? Wapo wanaoona ni kufuru. Historia inawasuta. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walichunguza jinsi pikipiki zao zilivyotumika katika nchi zinazoendelea, wakakuta oili haibadilishwi, cheni haiangaliwi, na mzigo hauna kipimo. Jibu lao lilikuwa CG125 ya mwaka 1976, yenye vali zinazosukumwa na fito badala ya kemu ya juu na cheni yake, na cheni ya gurudumu ikafungiwa kwenye kasha. Silinda yake ni milimita 56.5 kwa 49.5. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo, vikaipanua mpaka cc 150, na ndiyo inayobeba viazi na watoto wa shule kote Afrika Mashariki. Hata Boxer ya Bajaj ilizaliwa katika ushirikiano na Kawasaki. Anayeweka injini ya aina hiyo kwenye fremu ya Yamaha anaiweka Japani ndani ya Japani, kwa njia ya kuzunguka.

Anachopoteza ni nguvu. DT175 ilitoa nguvu za farasi karibu 16, CG125 karibu 11, na kwenye kilima cha Mau tofauti hiyo ni gia nzima. Anachopata ni moshi mdogo, petroli kidogo, na spea kwenye kila duka la njia panda. Moshi si jambo dogo. Injini ya mipigo miwili huchoma oili yake na kutupa sehemu ya petroli bila kuiunguza, na hakuna mapenzi ya zamani yatakayobadilisha hilo.

Kazi yenyewe ya kubadilisha injini inahitaji mchomeleaji mwenye subira. Vishikio vya mbele na chini hukatwa upya, na sproketi ya injini lazima ilingane na ile ya gurudumu. Ikipishana kwa milimita chache cheni hula meno na siku moja hukatika. Namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye logibuku. Mabaya zaidi ni yale yanayofanywa kwa ajili ya sura: mkia wa fremu kukatwa ili kiti kiwe kifupi kama cha pikipiki za picha za mitandaoni. Fremu ya DT imegawanya mzigo kuanzia shingoni mpaka shokapu za nyuma. Ikikatwa bila kuwekewa upinde wa kuishikilia, ufa huanza kwenye kichomeleo, na barabara za Nessuit na Mauche hazina huruma kwa ufa.

Nairobi kuna upande mwingine wa mapenzi haya. Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, hufanyika Ngong Racecourse, na huko majaji huinama chini ya madigadi wakitafuta tope na kutu. Pikipiki iliyopangiwa siku hiyo hufika juu ya trela. Ya Njoro, kwa kawaida, hufika popote ikiwa imebeba kitu.

Injini mpya iliyochongwa haikimbizwi. Kilomita 500 za kwanza mafuta hayafunguliwi mpaka mwisho, mwendo hubadilishwa-badilishwa, na kwenye kilima gia hushushwa mapema kuliko kuilazimisha. Kisha plagi hufunguliwa, injini ikiwa bado na joto. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi ni mafuta mengi, jeti ipunguzwe tena. Nyeupe ni mafuta machache, injini isiwashwe tena mpaka jeti iongezwe. Na mwenye safari ya Kisumu huchukua ile jeti kubwa ya zamani, iliyofungwa kwenye kitambaa chini ya kiti, na kuirudisha kabla ya kuanza kushuka.